Usiniulize ina gia ngapi

Kila nikimsikia kijana wa mjini akiulizia baiskeli ya safari, swali la kwanza ni lile lile: "Ina gia ngapi?" Muuzaji naye anajibu kwa majigambo: "Kaka, hii gia 21!" Au 24. Au 27. Mnunuzi macho yanamtoka, anatoa pochi, biashara imekwisha.

Nasema hivi: hilo ni swali la kijinga, na wanaofaidika nalo ni wauzaji peke yao.

Swali la maana ni hili: gia yake ndogo kuliko zote ni ndogo kiasi gani? Na la pili linalifuata mgongoni: ikiharibika mbali na mjini, nani ataitengeneza? Mengine yote, rangi, jina la kampuni, idadi ya gia, ni mapambo ya dukani.

Kwa nini nalisema leo? Kwa sababu vijana wengi wameanza kuona raha ya kuzunguka nchi yao kwa baiskeli, na ni jambo zuri mno. Barabara ya kutoka Songea kupitia Namtumbo mpaka Tunduru, ambayo miaka ya 2000 ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, sasa ni lami. Ni kama kilomita 260. Ukifika Tunduru unaweza kuiacha lami, ukashika njia ya udongo kwenda kusini, upande wa mto Ruvuma, mpaka Nalasi kwenye mikorosho. Safari hiyo ina kila kitu: lami ndefu, vilima, udongo, mchanga, jua na mzigo. Kwa hiyo naitumia kama kipimo. Baiskeli isiyoweza kukufikisha Nalasi na kukurudisha Songea si baiskeli ya safari, hata kama ina gia 100.

Hesabu ya darasa la sita

Tusitishane na utaalamu. Hesabu ya gia ni kugawanya na kuzidisha tu.

Chukua idadi ya meno ya spoketi ya mbele, gawanya kwa meno ya friwili ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Unapata idadi ya mita ambazo baiskeli inakwenda ukizungusha pedali mara moja. Basi. Hakuna uchawi.

Mfano. Ile baiskeli nyeusi tunayoijua sote, ya gurudumu la inchi 28, mzingo wake ni kama mita 2.2. Ikiwa na meno 48 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakupeleka karibu mita 5.9. Kwenye tambarare, ukizungusha mara 60 kwa dakika, unakwenda kilomita 21 kwa saa. Safi kabisa.

Sasa weka mlima. Mpanda baiskeli ana kilo 65, baiskeli kilo 15, mzigo (hema, maji, nguo, sufuria) kilo 20. Jumla kilo 100. Mlima ni wa asilimia 6, yaani unapanda mita 6 kila unapokwenda mita 100. Kijana mwenye afya, asiye mwanariadha, anaweza kutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuzimia. Kwa nguvu hiyo, mlima huo utaupanda kwa kilomita 5.4 kwa saa. Ni mita 90 kwa dakika. Ndiyo hali halisi, na hakuna gia itakayoibadilisha, kwa sababu gia haiongezi nguvu. Gia inaamua jambo moja tu: miguu yako itazunguka mara ngapi ili kuitoa nguvu hiyo.

Kwa gia ya mita 5.9, mita 90 ni mizunguko 15 kwa dakika. Jaribu kuzungusha pedali mara 15 kwa dakika huku unapanda. Huwezi. Utasimama juu ya pedali, magoti yatalia, utayumba mbele ya lori, kisha utashuka na kusukuma.

Ukitaka kuzungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ambao magoti yanaukubali, unahitaji gia ya mita 1.5. Ikariri namba hiyo. Mita moja na nusu. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, siyo 21.

Gia 21 na gia 21

Zipo baiskeli mbili, zote gia 21, zote gurudumu la inchi 26, ambalo mzingo wake ni kama mita 2.07. Ya kwanza ina spoketi tatu mbele zenye meno 28, 38 na 48, na friwili ya vipande saba kuanzia meno 14 mpaka 28. Ya pili ina 24, 34 na 42 mbele, na friwili ya 14 mpaka 34. Dukani zinaonekana mapacha. Muuzaji atakuambia ni kitu kile kile.

Si kitu kile kile hata kidogo! Gia ndogo ya ile ya kwanza ni 28 kwa 28, yaani mita 2.07. Ya pili ni 24 kwa 34, yaani mita 1.46. Ni chini kwa karibu asilimia 30. Kwenye mlima wetu, ya kwanza inakulazimisha mizunguko 43 kwa dakika, ya pili inakupa 61. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika juu umekaa kwenye siti au unasukuma huku unailaani siku uliyozaliwa.

Halafu hizo 21 zenyewe ni kiini macho. Chukua ile baiskeli ya kwanza, yenye friwili ya kawaida ya 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Meno 48 mbele na 28 nyuma ni 1.71. Meno 38 na 22 ni 1.73. Meno 28 na 16 ni 1.75. Mguu wako hautaona tofauti. Umelipia gia tatu, umepata moja. Endelea hivyo mpaka mwisho utakuta gia zinazotofautiana kweli ni kama dazeni tu, na katika hizo mbili zinalaza cheni mshazari na kuila kabla ya wakati. Ndiyo maana nasema anayehesabu gia anahesabu hewa.

"Lakini nikiweka gia ndogo nitakosa mwendo!" Nimelisikia hili mara nyingi. Tuhesabu tena. Meno 42 mbele na 14 nyuma kwenye gurudumu la inchi 26 ni mita 6.2. Zungusha mara 80 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 30 kwa saa. Ukiwa na hema na lita tano za maji unataka kwenda kasi gani zaidi ya hiyo? Kwenye mteremko acha kupiga pedali, dunia itakuvuta yenyewe.

Ugonjwa wa ubingwa

Kuna kundi jingine, la wale walioangalia mashindano ya Ulaya kwenye televisheni. Wao wanataka baiskeli ya mbio: usukani wa pembe, meno 52 na 42 mbele, 28 nyuma ukibahatika. Gia ndogo hapo ni 42 kwa 28. Kwenye gurudumu la mbio lenye tairi nene kidogo ni karibu mita 3.3. Kwenye mlima wetu ni mizunguko 27 kwa dakika. Hiyo ni baiskeli ya mtu ambaye mzigo wake unabebwa na gari linalomfuata nyuma.

Ukiwaambia waweke spoketi ndogo wanacheka: "Hizo gia za wazee." Kejeli hii si mpya hata kidogo. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, aliandika mwaka mmoja kabla yake kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwamba ushindi wa kweli ni wa misuli. Mbio zake zilikataa mitambo ya kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937. Na ni Mfaransa mwenzake wa enzi hizo hizo, Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, aliyesimama upande wa pili akisema msafiri anahitaji gia nyingi na ndogo. Walimcheka. Leo hakuna bingwa hata mmoja wa mbio hizo anayepanda Alpi kwa gia moja. Historia imeshaamua nani alikuwa sahihi, halafu sisi huku tunafufua hoja ya aliyeshindwa!

Mtu akikuambia gia ndogo ni ya wazee, mwambie akutangulie Lukumburu, barabara ya Njombe kwenda Songea, na mabegi yake. Utamkuta njiani, amekaa chini ya mti.

"Mbona watu wa Nalasi wana gia moja tu?"

Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inajifanya ya kizalendo. Inakwenda hivi: gia ni mambo ya Wazungu, babu zetu walikwenda kila mahali na Phoenix ya gia moja, nenda vijijini uone wanavyobeba magunia, wewe na gia zako ni ulegevu.

Sawa. Twende vijijini basi, lakini twende macho wazi.

Nimekuwa Nalasi msimu wa korosho. Nimeona baiskeli zinazokwenda ghalani na gunia limefungwa kwenye kerea. Na nimeona jambo ambalo wenye hoja hii hawalisemi kamwe: kwenye mwinuko, mwenye baiskeli hapandi. Anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine, anasukuma. Hana gia ya pili, kwa hiyo gia yake ya pili ni miguu yake mwenyewe.

Hesabu inaeleza kwa nini. Mtu kilo 60, baiskeli ya chuma kilo 20, gunia kilo 80. Jumla 160. Njia ya udongo, mwinuko wa asilimia 4 tu, ambao mwenye gari hauoni kabisa. Kwa wati zile zile 100 anakwenda chini ya kilomita 4 kwa saa. Kwa gia ya mita 5.9 ni mizunguko 11 kwa dakika. Hakuna binadamu anayepiga pedali hivyo. Wala si udhaifu. Ni mashine imekatwa meno yasiyomfaa.

Na ilikatwa kwa ajili ya nani? Mtindo wa baiskeli ile nyeusi ni wa Uingereza, ni baiskeli ya mtu anayekwenda kazini kwenye barabara iliyotengenezwa, na begi dogo. Nottingham kwenyewe, kampuni ya Raleigh iliuza habu za gia tatu za Sturmey-Archer tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Gia zilikuwepo! Zilizotufikia sisi kwa wingi ni za gia moja. Wahindi wakaiga umbo lile, Wachina wakaiga, na hata tulipoanza kuunda za kwetu, zile za Swala, tuliendelea na mtindo ule ule. Vizazi vinapita, mkulima anabeba gunia kwa gia ya karani wa Nottingham, halafu kijana wa Dar anaitazama picha yake na kusema, "Unaona? Gia moja inatosha."

Haitoshi. Imezoeleka. Hayo ni mambo mawili tofauti, ndugu yangu.

Na wenye baiskeli walishatoa jibu lao wenyewe. Tangu pikipiki za bei nafuu zilipoanza kumiminika mwishoni mwa miaka ya 2000, kila aliyepata uwezo amehamia huko. Tunasema ni maendeleo, na kwa sehemu ni kweli. Lakini kuna safari nyingi za kilomita tano au kumi ambazo baiskeli yenye gia sahihi ingezimaliza bila lita hata moja ya petroli. Ghalani, kisimani, zahanati, shuleni. Aliyebaki kwenye baiskeli leo ni yule asiye na hela ya mafuta, na ndiye huyo huyo tunayemwambia gia ni anasa.

Waliofikiri vizuri wamelishughulikia. World Bicycle Relief, shirika linalotengeneza baiskeli za mizigo zinazoitwa Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, lilikaa miaka na gia moja kwa sababu ya uimara. Mwaka 2023 wakatoa yenye gia mbili. Haina waya wala kile kimkono cha kuhamisha cheni. Ina cheni mbili na friwili mbili, unarudisha pedali nyuma kidogo, gia inabadilika. Nani alisema lazima uchague kati ya gia na uimara? Ni wavivu wa kufikiri tu.

Fundi wa mwisho njiani

Hapa nawageukia wenzangu wa upande wa gia, kwa sababu nao wana dhambi zao.

Ukishakubali kwamba unahitaji gia ndogo, usikimbilie mtambo wa gharama kuliko yote. Friwili za vipande 11 au 12, cheni nyembamba kama uzi, vibadilishio vinavyotaka waya ukae sawasawa mpaka milimita. Vitu vizuri sana, mpaka siku mkono wa kuhamisha cheni utakapogonga kisiki. Hapo utamwona fundi chini ya mwembe, ana spana, nyundo, gololi kwenye kopo la mafuta na akili nyingi, lakini hana kipuri chako. Wala Tunduru mjini huenda usikipate.

Fundi mmoja wa Nalasi, mtu mzima, nilimwamkia na kumuuliza baiskeli za gia zikiharibika anafanyaje. Akacheka. "Mwanangu, mimi nakata cheni, naifunga gia moja, unaondoka. Ukifika kwenu utajua mwenyewe."

Jibu hilo lina elimu kuliko majarida yote ya baiskeli. Chagua mtambo ambao ukifa unaweza kukatwa cheni ukaendelea na safari. Chagua friwili ya kufungwa kwa uzi, vipande sita au saba, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye baiskeli za mtumba nchini na mafundi wanaijua. Ubaya wake ni kwamba ekseli ya nyuma hupinda ukibeba mzigo mzito, kwa hiyo beba ekseli ya akiba, haina uzito. Chagua vibadilishio vya kusukuma kwa kidole visivyo na alama za "tak, tak". Hivyo hata waya ukilegea utaipata gia kwa sikio. Na beba vipingili vya cheni vya akiba pamoja na kifaa cha kuikatia, kwa sababu cheni ya Phoenix anayokuwa nayo fundi ni nene, haipiti vizuri kwenye friwili ya gia nyingi.

Na jambo moja nisilifiche: kwenye mchanga mzito hakuna gia itakayokuokoa. Hapo ni tairi pana, au ni kushuka na kusukuma kama watu wote. Gia ndogo si dawa ya kila kitu. Ni dawa ya mlima na mzigo tu.

Kwa hiyo?

Kwa anayejiandaa na safari: tafuta baiskeli ya mlimani ya mtumba, chuma kizuri, gurudumu la inchi 26. Hesabu meno mwenyewe, usimsikilize muuzaji. Mbele 24, 34 na 42, nyuma 14 mpaka 34. Ukikuta nyuma ni 28, badilisha friwili, na hakikisha mkono wa kuhamisha cheni ni ule mrefu, na cheni inatosha kuzunguka kipande kikubwa. Lengo ni mita 1.5. Ukilipata, umemaliza. Hela iliyobaki nunua kerea imara.

Kwa mwenye duka: acheni kuandika "gia 21" kwenye kadi ya bei. Andikeni meno. Na mnaoagiza baiskeli za gia moja kwa ajili ya vijijini, leteni na friwili za meno 22. Ukitoka 18 kwenda 22 gia inashuka kwa asilimia 18. Haitampandisha mtu mlima na gunia la kilo 80, sidanganyi, lakini itamsogeza mbali zaidi kabla ya kushuka, na akirudi bila mzigo atapanda pale alipokuwa anasukuma. Ni kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja.

Na kwa wale wanaopenda kupiga picha za wakulima wanaosukuma magunia na kuandika chini yake maneno matamu kuhusu uvumilivu wa Mwafrika: waulizeni hao wakulima kama wangependa gia ya pili. Msiwajibie.

Kazi kwenu. Nawasilisha.